Kibangwa Kwenye Siki

Mtu asiniambie nipoe. Nimeambiwa nipoe na mwalimu mkuu, nimeambiwa na padri, nimeambiwa hata na yule mama anayeuza maandazi pale njia panda, ambaye hajui hata kisa chenyewe kilianzia wapi. Sipoi. Naitwa Pelagia, nafundisha sayansi hapa Sibwesa mwaka wa kumi na moja sasa, na hasira zangu zinajulikana kuanzia huku kijijini mpaka Mpanda mjini. Ila hizi ni za aina nyingine, maana nyingi zinamwendea mtu ambaye nikiamka asubuhi nanawa naye uso.

Tuanze na wageni. Walikuja Jumatano, vijana watatu kutoka Dar, na gari limechorwa balbu ubavuni. Mradi wao wanaita warsha ya sayansi na utamaduni kwa vitendo. Mkubwa wao alikuwa Yotham, kijana mpole tu, aproni ya njano, miwani, anacheka na kila mtu. Watoto walimpenda kabla hata hajashuka kwenye gari.

Na sitaki kuwa mnafiki, warsha ilikuwa nzuri. Mimi umeme naufundisha kwa kuchora betri ubaoni. Siku ile watoto walishika betri, wakaunga waya, taa ikawaka mikononi mwao, na mimi mtu mzima nikasimama mlangoni nimetoa macho. Walitengeneza mlima wa udongo, wakatia magadi na siki, mlima ukatapika povu jekundu. Darasa lilipiga kelele mpaka mafundi wa bodaboda wakaja kuchungulia dirishani.

Kila mtoto alipewa daftari dogo lenye jina lake. Yotham aliwapa sheria moja tu: andika ulichoona na saa uliyokiona, usiandike unachodhani. Aliirudia mpaka watoto wakawa wanaitikia kama wimbo. Ile sheria niliipenda sana. Laiti ningejua itakuja kunikaba mimi.

Ijumaa ilikuwa zamu ya utamaduni. Siku moja kabla, Yotham aliniomba niwatangazie watoto walete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Nilisimama mbele ya mistari asubuhi nikatangaza mwenyewe, kwa sauti yangu hii: leteni kitu cha asili cha wazee wenu, na waambieni mwalimu Pelagia amesema kitarudi kama kilivyokuja. Hayo maneno hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Wakaleta kata za vibuyu, upinde, manyanga, jembe la kale limeliwa na kutu. Nyanzala alileta kitu amekifunga kwenye kitambaa cheupe, akakishika kwa mikono miwili njia nzima, hajakitia hata kwenye mfuko wa shule.

Nyanzala ni mtoto wa darasa la sita, miaka kumi na tatu, bintiye Malale. Babu yake ni mzee Luhende, yule aliyeshuka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga enzi hizo huku bado ni pori tupu. Mtoto amepewa jina la mama mzazi wa huyo mzee, kwa hiyo mzee hamwiti mjukuu, anamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na anamaanisha. Hata akimtuma maji anamwomba. Watoto wenzake walikuwa wanamtania Nyanzala kwamba yeye ndiye amemzaa babu yake, naye anawajibu kwamba ndiyo, na alisumbua sana kunyonya.

Ndani ya kile kitambaa kulikuwa na kibangwa. Kwa asiyekijua, ni kisahani cheupe, upana wa kiganja cha mtoto, kina tundu la kupitishia kamba na alama ya mzunguko mgongoni kama unyayo wa konokono. Machifu na wazee walivaa shingoni. Hiki alikivaa mama yake mzee Luhende, na mwingine kabla yake, na mwingine kabla ya huyo. Tangu mama huyo afe kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mzee, kinamsubiri Nyanzala amalize la saba, avishwe. Mzee alimpa mapema kwa sababu moja tu, mwalimu amesema. Akamwekea sharti: kiwe kimerudi kabla jua halijazama.

Zamu yake ilipofika, mtoto hakueleza historia kama wenzake. Aliuliza swali. Alisema babu anaamini ni jiwe, shangazi anasema ni mfupa, na yeye anataka kujua ni kitu gani hasa. Yotham alifurahi mpaka akavua miwani. Akaeleza kwamba ganda la kombe, kiumbe wa majini jamii ya konokono, likiguswa na siki linatoa mapovu, jiwe gumu lile la kawaida halitoi, wala mfupa. Akachukua tone moja, moja tu, akaliweka ukingoni. Darasa zima tumeinama. Kikatoa mapovu.

"Ni kombe," Yotham alisema. "Hiki kimetoka baharini."

Jamani. Mtoto yule ajabu aliyoiona siwezi kuieleza. Hakuna aliyewahi kuiona bahari mle ndani, na mimi nikiwemo. Nyanzala akauliza kuna siku ngapi za kutembea kwa miguu kutoka baharini mpaka kwao, na Yotham hakujua, na wakaanza kupiga hesabu pamoja ubaoni. Ningeomba siku ile iishie hapo, kengele ilie, kila mtu akale makande yake.

Haikuishia hapo kwa sababu ya simu. Yule mwenzake mpiga picha alisema tone halikuonekana vizuri kwenye video. Yotham akachukua jagi la plastiki, akamimina chupa nzima ya siki, akamwambia Nyanzala akitie mle. Mtoto alinitazama mimi kwanza. Mimi nikamwashiria kwa kichwa, tia. Akatia. Kikachemka, ee, kilichemka vizuri sana, mapovu yanapanda, watoto wanapiga makofi, simu inachukua. Yotham alikuwa anafuata kitabu chake cha mwongozo, na kitabu kinasema ganda la yai liache siku nzima uone kitakachotokea. Kijana wa watu alishawahi kufanya kwa mayai mara mia. Akasema basi na hili tuliache mpaka kesho. Halafu picha ya pamoja, halafu wakapakia.

Aliniambia nifunge darasa, mtu asiguse vifaa vya mradi, kesho asubuhi wanarudi. Nikasaini karatasi ya vifaa: majagi matano, vijiko, sumaku, nini na nini. Nikapiga kufuli. Ufunguo wa darasa hilo ni mmoja, nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu tangu mwaka tulioibiwa madawati.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaponiambia nipoe.

Ijumaa ileile jua likiwa linashuka, Nyanzala alikuja kwangu. Nyumba ya mwalimu iko hatua arobaini kutoka darasani. Akasema anaomba kibangwa, babu amesema kabla jua halijazama. Nikamjibu wageni wamesema kisiguswe, amweleze babu yake ni kesho. Akaenda.

Jumamosi wageni hawakuja. Walipigiwa simu kuna maonyesho Mpanda mjini, wakubwa wanawahitaji, wangerudi Jumatatu. Nyanzala alikuja mchana. Nikampigia Yotham, na yeye akaniomba sana nisifungue, watachukua video ya mwisho, matokeo yataharibika. Nikamrudisha mtoto.

Jumapili nimetoka kanisani, sijakaa, huyo hapo tena mlangoni. Safari hii hakuomba. Alisema alikuwa anapita kila siku kuchungulia kwenye wavu wa dirisha, maana jagi liko karibu.

"Kinaisha, Mwalimu," akasema. "Kinaisha kweli."

Na mimi, mwalimu wa sayansi, mwenye cheti, mwenye ufunguo kifuani unanigusa hapa, nilimfokea. Nilimwuliza kama anataka kunifundisha kazi. Nilimwambia vitu vya wageni vimesainiwa na mimi ndiye nitakayeulizwa. Mtoto akatazama ile kamba shingoni kwangu, akaitazama kwa muda, akageuka akaenda zake. Mimi nikaingia ndani nikala ugali.

Kwa nini sikufungua? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Tumefundishwa hivyo. Mgeni akija na gari na karatasi, tunakuwa walinzi wa vitu vyake. Kompyuta tulizoletewa miaka ile zilikaa kabatini zimefungwa nailoni mpaka zikafa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuulizwa. Mtoto wetu akilia mlangoni tunamwambia asubiri wageni. Ndivyo tulivyo, na ndivyo nilivyokuwa mimi siku ile.

Jumatatu Yotham alirudi anatabasamu, nikafungua kufuli. Kwenye jagi siki imekuwa kama maji ya mchele. Chini kulikuwa na kipande chembamba kama ukucha, kimejikunja. Yotham alipokigusa kwa kijiko kilivunjika mara mbili. Alibadilika rangi, hilo nimpe haki yake. Akasema samahani mara nyingi sana. Halafu akatoka nje kupiga simu Dar, na aliporudi hakuwa tena yule wa samahani.

Mchana mwalimu mkuu, Stanslaus, akaniita ofisini. Barua ilikuwa tayari, Yotham na yeye wameshasaini. Ilisema mwanafunzi Nyanzala aliingiza kifaa cha kimila kwenye kimiminika kwa hiari yake bila maelekezo. Ilisema mwisho wa juma ufunguo wa chumba ulikuwa kwa watumishi wa mradi waliokuwa Mpanda, hivyo hakuna mtu shuleni aliyekuwa na uwezo wa kufungua. Ingesomwa kesho yake kwa mzee Luhende, na nakala iende kwa afisa elimu. Stanslaus alinieleza taratibu kabisa kwamba mradi ukiondoka na sifa mbaya hautarudi, shule itakosa maabara waliyoahidi, na zaidi ya hapo karatasi ile inanilinda mimi. Sisi wawili tumekula chumvi pamoja miaka mingi. Akanisukumia kalamu.

Nilisaini. Msinikatize. Nilisaini.

Jumanne tukapanda gari la balbu kwenda kwa mzee. Wageni walibeba zawadi: aproni ya njano ya Nyanzala na cheti chenye jina lake, Mwanasayansi Chipukizi. Mimi nilipewa kifurushi cha madaftari ya watoto nichague matatu mazuri ya kuonyeshwa Dar. Lori lilikuwa limezama barabarani, tukasimama, nikawa napitia madaftari ili nisiongee na mtu. Nikafika la Nyanzala. Nikalisoma. Nikalisoma tena. Lori lilipotolewa tukaendelea, na mimi nilikuwa nimelishika kama kaa la moto.

Kwa mzee tuliwekewa viti. Mzee Luhende alikaa kwenye kigoda chake, fimbo katikati ya magoti. Malale alisimama, mtu mrefu, hasira imemjaa usoni. Nyanzala alikuwa kule kwenye zizi la ndama, peke yake, amekaa chini. Mama yake alininong'oneza wakati ananipa maji kwamba tangu Ijumaa mtoto hajaongeleshwa na mtu. Kila siku alikuwa anarudi mikono mitupu akisema mwalimu ana ufunguo ila amekataa kufungua. Hakuna aliyemwamini. Mwalimu ambaye ametoa neno lake, tena ana ufunguo, atakataaje? Wakaona amekipoteza, au amekiuza kwa wanunuzi wa vitu vya kale, anatafuta wa kumsingizia. Na mzee, akasema yule mama, ameacha kumwita mayu. Anamwita wewe.

Stanslaus akasimama akasoma barua. Ana sauti nzuri ya kusomea, akisoma hata tangazo la chanjo unaona ni jambo kubwa. Alipofika kwenye ufunguo, kwamba ulikuwa Mpanda kwa wageni, Malale alimgeukia bintiye kule zizini.

"Unasikia?" akasema. "Siku tatu unatudanganya, unamsingizia mwalimu wako."

Mtoto hakunitazama hata mimi. Alikuwa anakwangua udongo na kijiti. Yotham alikuwa ameinama anafungua mfuko wa cheti, na nilipokiona kile cheti kinatoka, chenye nyota za dhahabu pembeni, nikalikamata lile daftari. Nikasimama. Stanslaus akanivuta gauni. Nikamwambia akinivuta tena nitampiga hapohapo mbele ya wazee, na alijua sitanii.

Sikutoa hotuba. Ningejaribu kujieleza ningejitetea, najijua. Nikafungua daftari la Nyanzala nikasoma kama alivyoandika, na ile sheria ya Yotham ilikuwa imefuatwa kila mstari.

"Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi. Tone moja. Kimetoa mapovu. Ni kombe.

"Ijumaa, saa tano. Kaka Yotham ameniambia nikitie kwenye jagi. Nimemtazama Mwalimu. Mwalimu amekubali kwa kichwa.

"Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Nimeona dirishani. Mapovu mengi. Alama ya mzunguko haionekani.

"Jumamosi, saa saba mchana. Tundu limekuwa kubwa. Mapovu madogo. Mwalimu amepiga simu, amesema nisubiri.

"Jumapili, saa sita mchana. Kimekuwa chembamba, naona jua upande wa pili. Ufunguo uko shingoni kwa Mwalimu. Nimeuona."

Hapo ndipo daftari lilipoishia. Nikalifunga, nikamwambia mzee kwamba kila neno humo ni kweli, barua ile ni uongo, na sahihi ya tatu pale chini ni yangu. Nikamwambia Malale, bintiyo hakudanganya hata mara moja, aliyekataa kufungua ni mimi. Yotham alikuwa amekirudisha cheti mfukoni na analia kimyakimya, na mimi sikumhurumia, nilimwona amechelewa tu kama mimi.

Mzee Luhende aliitazama ile kamba shingoni kwangu. Halafu akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo," akasema.

Niliuvua. Kamba ilikuwa imeshika jasho. Mzee akainuka kwa fimbo, akaingia chumbani kwake, nasi tukamwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Juu ya kitanda kuna msumari. Akaning'iniza ufunguo wa darasa langu pale. Aliporudi alisema utalala hapo kila usiku mpaka kile kingine kirudi kama kilivyokwenda, na sote tuliokuwa pale tulijua hakirudi. Stanslaus alianza kusema habari za mali ya serikali. Mzee alimwuliza kama angependa kuliweka hilo kwenye barua, naye akakaa.

Kisha mzee akageukia zizini.

"Mayu," akaita. "Njoo ule."

Nyanzala alisimama akajipangusa udongo. Malale alimpisha njia. Mtoto alipita mbele yangu bila kunisalimia na sikutegemea anisalimie.

Barua ilichanwa, wageni wakaondoka, maabara sijui kama tutaiona. Stanslaus alitaka kununua kufuli jingine. Nilimwambia siku akilinunua atafute na mwalimu mwingine wa sayansi, na mpaka leo hajalinunua. Hasira bado ninazo. Kila asubuhi nasimama nje ya darasa langu na watoto wote, tunasubiri. Nyanzala anakuja na ufunguo ndani ya kile kitambaa cheupe, ameushika kwa mikono miwili, anafungua, anauweka mezani kwangu. Jioni nafunga, namkabidhi. Sharti la babu yake ni lilelile, uwe umerudi kabla jua halijazama, na mimi sijawahi kuchelewa hata siku moja.